Kampeni za Mawasiliano na Uhai wa Watoto Wanaozaliwa Kabla ya Wakati

Kila ifikapo tarehe 17 Novemba, majengo mashuhuri katika miji mingi ya dunia huangazwa kwa taa za zambarau, na kwa siku moja vyombo vya habari huwakumbuka watoto wanaozaliwa kabla ya wakati. Maadhimisho haya yalianzishwa mwaka 2008 na vyama vya wazazi wa Ulaya, na tangu mwaka 2011 yamekuwa ya dunia nzima. Nairobi nayo huadhimisha, kwa hotuba na mikusanyiko ya wazazi hospitalini. Swali ambalo ni nadra kuulizwa wazi katika mikusanyiko hiyo ni hili: rangi, hotuba na mabango hayo yanamfaa nini mtoto wa gramu 1,300 anayelala usiku huo katika wodi ya watoto wachanga? Yanaweza kumfaa sana, lakini kwa masharti ambayo kampeni nyingi hazijishughulishi kuyatimiza.

Mtoto huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati endapo mimba haijatimiza wiki 37. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 walizaliwa watoto milioni 13.4 wa aina hiyo, yaani zaidi ya mmoja kati ya kila kumi, na kwamba takriban watoto 900,000 walifariki mwaka 2019 kwa matatizo yanayotokana na kuzaliwa mapema. Hicho ndicho kisababishi kikuu cha vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano duniani. Shirika hilo hilo linasema kwamba robo tatu ya vifo hivyo ingeweza kuzuiwa kwa huduma zinazojulikana tayari na zisizo na gharama kubwa.

Hapa Kenya zipo takwimu mbili ambazo zikiwekwa pamoja zinaeleza mengi kuhusu nguvu na mipaka ya mawasiliano. Utafiti wa kitaifa wa idadi ya watu na afya wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba asilimia 62 ya akina mama walijifungua mikononi mwa mtaalamu wa afya. Ule wa mwaka 2022 ulionyesha asilimia 89. Ni badiliko kubwa, na bila shaka lilichangiwa na ujumbe uliorudiwa kwa miaka mingi redioni, kliniki na barazani kwamba mama ajifungulie hospitalini, pamoja na kuondolewa kwa ada za uzazi katika hospitali za umma mwaka 2013. Hata hivyo, vifo vya watoto wasiotimiza mwezi mmoja vilikuwa 22 kwa kila watoto 1,000 waliozaliwa hai katika utafiti wa kwanza, na 21 katika ule wa pili. Ujumbe ulisikika na mama akafika. Kilichomsubiri mtoto wake baada ya kufika ndicho ambacho hakikubadilika kwa kasi ile ile.

Ili kuelewa ni wapi mawasiliano yanaweza kusaidia, yafaa kwanza tuelewe mtoto huyu anahitaji nini. Ngozi yake ni nyembamba na mafuta chini yake ni machache, hivyo hupoteza joto upesi. Mapafu yake huenda hayajakomaa, na aliye mdogo zaidi anaweza hata kusahau kupumua kwa muda. Kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio ni kazi ambayo mwili wake haujajifunza, kwa hiyo mara nyingi maziwa yaliyokamuliwa hupitishwa kwa mpira mwembamba puani au mdomoni, kisha kwa kikombe. Kinga yake ni dhaifu, na maambukizi ambayo mtoto aliyetimiza miezi angeyashinda yanaweza kumuua kwa siku mbili.

Baadhi ya mahitaji hayo hutimizwa na mashine na dawa. Lakini sehemu kubwa hutimizwa na mwili wa binadamu mwingine. Mwaka 1978, katika jiji la Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alianza kuwaweka watoto wadogo kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi, kwa sababu hospitali yake haikuwa na inkubeta, yaani masanduku ya kuwapa watoto joto, za kutosha na maambukizi yalikuwa yamezidi. Kilichoanza kama njia ya kukabiliana na uhaba sasa ni tiba iliyothibitishwa, na wauguzi wa Nairobi huiita kwa ufupi kangaruu. Utafiti uliofanywa katika hospitali tano za Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba kumweka mtoto kifuani mara tu anapozaliwa, bila kusubiri hali yake itulie kwanza ndani ya inkubeta, kulipunguza vifo kwa robo. Mwaka uliofuata, Shirika la Afya Duniani lilibadilisha mwongozo wake na kupendekeza kwamba kangaruu ianze mapema iwezekanavyo na ifanywe kwa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Muda huo ndio unaolifanya jambo hili kuwa la mawasiliano kuliko matatizo mengi ya kiafya. Kampeni ya chanjo humwomba mzazi afike kliniki siku moja, adungwe mtoto, arudi nyumbani. Kampeni ya kangaruu humwomba mama aliyetoka kujifungua, pengine kwa upasuaji, akae na mtoto kifuani mchana na usiku kwa wiki kadhaa, huku nyumbani kukiwa na watoto wengine na biashara imefungwa. Ombi zito namna hiyo halitimizwi kwa bango lililoandikwa kwamba kangaruu huokoa maisha. Mama mwenyewe, akiambiwa mara moja na muuguzi anayemwamini, huwa amelielewa. Vikwazo viko kwa watu wengine, na hao ndio ambao kampeni nyingi huwasahau.

Mchukulie mama anayeishi Dandora ambaye ameruhusiwa kutoka wodi ya uzazi wakati mtoto wake bado amelazwa. Hospitali haina kitanda cha kumpa, kwa hiyo ataingia kila siku na kutoka kila siku. Atapanda matatu mbili kwenda na mbili kurudi. Akifika langoni, askari anayelinda huenda akamwambia kwamba saa za kuwatazama wagonjwa hazijafika, kwa kuwa hakuna aliyemweleza kwamba mama wa mtoto aliyelazwa si mgeni. Akiingia wodini, anakuta kiti cha plastiki kisicho na mahali pa kuegemea. Akirudi nyumbani jioni, mama mkwe anamuuliza kwa nini anazunguka mjini badala ya kutulia ndani kama mzazi anavyopaswa, na kama ni kweli kwamba mtoto anayebebwa bila nguo hatapata baridi. Mume naye anafanya hesabu ya nauli. Katika mlolongo huo wote, kukosa maarifa kwa mama ndiko tatizo dogo kuliko yote.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya kampeni inayostahili jina hilo ni kuuliza kabla ya kusema. Wataalamu wa mawasiliano ya kubadili tabia huanza kwa mahojiano na vikundi vya majadiliano ili wajue ni nani hasa anayeamua kila jambo, ni nini anachoogopa, na ni nani anayemsikiliza. Baada ya hapo ujumbe hugawanywa. Baba huambiwa kwamba hata yeye anaweza kumbeba mtoto kifuani na joto lake likamfaa, jambo ambalo wanaume wengi hulisikia kwa mshangao na kisha kwa fahari. Bibi huambiwa kwamba leso anayoifahamu tangu ujana wake ndiyo chombo kinachotumika, na kwamba kuoga kwa mtoto huyu kusubiri. Msimamizi wa hospitali naye huambiwa, kwa lugha ya bajeti, kwamba mtoto anayekaa kifuani huongeza uzito na huruhusiwa mapema. Askari wa langoni huhitaji sentensi moja tu kutoka kwa mkuu wake, na kwa maoni yangu sentensi hiyo ina thamani kuliko dakika nyingi za matangazo ya televisheni.

Lipo pia suala la lawama. Mtoto anapozaliwa kabla ya wakati wake, jamii hutafuta mkosaji, na mara nyingi humpata mama: alibeba ndoo nzito, aligombana, alikula kisichofaa, ana jicho la mtu juu yake. Ukweli ni kwamba kuzaa mapema hutokea kwa sababu nyingi, zikiwamo mimba ya mapacha, maambukizi, shinikizo la damu na kisukari, na mara nyingi hata daktari hapati sababu yoyote. Mama anayejiona mwenye hatia, au anayeambiwa asimzoee mtoto kwa kuwa hataishi, hukamua maziwa kwa moyo mzito na hukaa wodini kwa muda mfupi. Nchini Malawi, ambako kiwango cha watoto kuzaliwa mapema kilikadiriwa mwaka 2012 kuwa cha juu kuliko nchi nyingine zote, kampeni ya kitaifa ilichagua kuanzia hapo hapo. Jina lake, Khanda ndi Mphatso, maana yake ni kwamba mtoto mchanga ni zawadi, na wito wake ni kwamba apewe nafasi. Waliobuni wito huo walitambua kwamba kabla familia haijafundishwa namna ya kumtunza mtoto njiti, kama anavyoitwa Tanzania, ni lazima ikubali kwanza kwamba yeye ni mtu wa kutunzwa.

Picha zinazotumiwa huathiri mtazamo huo kuliko maandishi. Picha ya mtoto mdogo mno aliyejaa mipira na plasta huvuta hisia za mchangiaji wa fedha, lakini humthibitishia bibi wa Kangemi kwamba kiumbe yule si wa kuishi. Kuna na kasoro ya upande wa pili: hadithi za miujiza, za mtoto wa wiki 24 ambaye sasa ni mwanafunzi bora, huwaumiza wazazi waliofanya kila waliloambiwa na bado wakampoteza mwana. Watoto wengi wanaozaliwa mapema huzaliwa kati ya wiki ya 32 na ya 37, na huhitaji joto, maziwa na uangalizi wa karibu kuliko mitambo ya ajabu. Picha ya mtoto wa kawaida wa kundi hilo, kifuani mwa mama au baba aliyevaa nguo za kawaida, haisisimui. Ndiyo maana, nadhani, haionekani mara nyingi.

Jambo gumu kuliko yote kwa watu wa mawasiliano kulikubali ni kwamba ujumbe sahihi, ukitangulia huduma, unaweza kudhuru. Mfano ni sindano ya dexamethasone, dawa ambayo mama anayekaribia kujifungua mapema akipewa, mapafu ya mtoto hukomaa haraka. Faida yake katika nchi tajiri ilijulikana kwa miongo kadhaa. Kwa hiyo ulifanyika utafiti mkubwa katika nchi sita, Kenya ikiwa mojawapo, wa kuwafundisha wahudumu wa ngazi zote kumtambua mama aliye hatarini na kumdunga, hata katika vituo vidogo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yaliwashtua waandalizi wenyewe: vifo vya watoto waliozaliwa wadogo zaidi havikupungua, vifo vya watoto wachanga kwa jumla viliongezeka, na maambukizi kwa akina mama yakaongezeka pia. Wengi waliodungwa hawakuwa wanajifungua mapema hata kidogo, kwa sababu umri wa mimba zao haukujulikana kwa uhakika, na watoto waliozaliwa mapema hawakuwa na mahali pa kuhudumiwa. Utafiti mwingine uliochapishwa mwaka 2020, ambao pia ulihusisha Kenya, uliitumia dawa ile ile katika hospitali zenye uwezo wa kupima umri wa mimba kwa picha ya ultrasound na kumhudumia mtoto baada ya kuzaliwa. Humo vifo vilipungua.

Kwa mwandishi wa matangazo, maana yake ni wazi. Kumwambia mama wa Mukuru aidai sindano hiyo kwenye kituo chochote kilicho karibu ni hatari. Kumwambia aanze kliniki mapema, apimwe umri wa mimba wakati bado unapimika kwa usahihi, na ajue tangu mwanzo ni hospitali gani iliyo karibu naye yenye wodi ya watoto wachanga, ni ujumbe usiovutia sana lakini unaoweza kubebwa na huduma iliyopo. Kampeni inapaswa kumwita mtu mahali ambapo kuna wa kumpokea. Hata kangaruu huingia katika hesabu hii, kwani hospitali ikihimiza mama wakae saa 20 kwa siku bila kuwapa vitanda, chakula na choo safi, itakuwa imewaongezea hisia za hatia tu.

Ndani ya wodi yenyewe, mawasiliano yana sura nyingine kabisa. Katika hospitali za umma zenye shughuli nyingi, si ajabu muuguzi mmoja kuwahudumia watoto zaidi ya kumi katika zamu moja, na katika msongamano huo kitu cha kwanza kupunguzwa ni mazungumzo. Mama huona mtoto amefunikwa macho kwa kitambaa chini ya taa ya buluu na kudhani ameng'olewa uwezo wa kuona, kumbe anatibiwa umanjano. Huona maziwa yakizuiwa na kudhani mtoto ameachwa afe njaa. Sentensi mbili zingemtuliza. Njia mojawapo iliyo nafuu ni kuwatumia mama waliotangulia, wale ambao watoto wao walilala katika vitanda hivyo hivyo miezi michache iliyopita, warudi kuketi na wageni wa wodi. Wao husema Kiswahili cha mtaani, hawana haraka, na wanajua ni siku ya ngapi ambapo mtu hukata tamaa ya kukamua.

Mawasiliano kuhusu maziwa hayo yamewahi kufanyiwa kazi kwa umakini hapa Nairobi. Mwaka 2019, hospitali ya uzazi ya Pumwani ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini Kenya, ambamo maziwa ya wachangiaji waliopimwa magonjwa hupashwa moto kwa nyuzijoto 62.5 kwa dakika 30, kisha hupewa watoto ambao mama zao wamefariki, ni wagonjwa au hawajaanza kutoa maziwa. Kabla ya kuifungua, watafiti waliwauliza wakazi na wahudumu wangelipokeaje jambo hilo. Hofu ya Virusi vya Ukimwi ilitarajiwa, na hujibika kwa kueleza upimaji na upashaji moto. Lakini Pumwani inapakana na Eastleigh, na kwa familia za Kiislamu lipo swali ambalo hakuna kipimo cha maabara kinacholijibu: undugu wa kunyonya, unaowazuia kuoana watoto walionyonya kwa mama mmoja. Wanazuoni hawana kauli moja kuhusu maziwa yaliyochanganywa na kunyweshwa kwa mpira. Ujumbe usiolitaja suala hilo humwachia mzazi alitatue peke yake usiku wa manane, naye hulitatua kwa kukataa. Njia bora ni kulitaja waziwazi, kueleza namna kumbukumbu za wachangiaji zinavyotunzwa, na kumwacha mzazi aongee na imamu wake kabla ya kutia sahihi.

Kuruhusiwa kurudi nyumbani hufungua sehemu ya safari ambayo kampeni huipita haraka mno. Mtoto anaweza kwenda nyumbani akiwa na uzito usiofika kilo mbili, katika chumba kimoja chenye jiko la makaa. Familia huhitaji kujua dalili za hatari: kukataa kunyonya, mwili kuwa baridi au moto, kupumua kwa kasi huku kifua kikibonyea, umanjano, degedege, kulegea. Huhitaji pia majibu ya maswali ambayo hayapo kwenye mabango. Je, chanjo zihesabiwe kuanzia siku aliyozaliwa au siku aliyotarajiwa? Kwa kawaida ni siku aliyozaliwa. Je, mbona mtoto wa jirani wa umri huo tayari anaketi na huyu bado? Katika ukuaji huhesabiwa umri uliopunguzwa zile wiki za mapema, kwa hiyo huenda hajachelewa. Zaidi ya yote, huhitaji kurudi kupimwa macho, kwa sababu mishipa ya damu katika jicho la mtoto aliyezaliwa mapema sana, hasa aliyepewa hewa ya oksijeni, inaweza kukua vibaya na kumpofusha bila dalili yoyote inayoonekana kwa mzazi, na muda wa kumtibu ni mfupi. Hapa ujumbe mfupi wa simu una nafasi yake. Huduma ya PROMPTS ya shirika la Jacaranda Health, kwa mfano, huwatumia mama ujumbe bila malipo na huyajibu maswali wanayoyatuma. Wahamasishaji wa afya ya jamii, ambao serikali iliwapa vifaa na simu kote nchini mwaka 2023 na ambao idadi yao ni takriban 100,000, wanaweza kugonga mlango pale ambapo simu imezimwa, mradi hospitali iwaarifu kwamba mtoto huyo amerudi mtaani.

Tukirudi kwenye taa za zambarau, mahali pake halisi ni katika siasa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 ilimpa mama likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye malipo kamili, na haikumtofautisha aliyejifungua kwa wiki 28 na aliyejifungua kwa wiki 40. Wa kwanza humaliza likizo yake yote karibu na siku ambayo mtoto alipaswa kuzaliwa, na kuanza kazi wakati mtoto ndipo anapofanana na mchanga wa kawaida. Nchini Tanzania, baada ya miaka ya ushawishi wa wazazi na taasisi kama ile ya Doris Mollel, sheria za kazi zilirekebishwa na mwaka 2025 mama wa mtoto njiti akapata nyongeza ya likizo ya kufidia zile wiki zilizokosekana kufikia 40. Badiliko kama hilo halitokani na ushauri wa muuguzi wodini. Hutokana na kelele za mwaka hadi mwaka zinazowafanya wabunge waone aibu, na kwa kazi hiyo siku moja ya rangi ni chombo kizuri.

Kasoro huja vyombo vinapobadilishana kazi, na hilo hujulikana wakati wa kupima matokeo. Ripoti nyingi za kampeni huhesabu mabango yaliyobandikwa, vipindi vilivyorushwa na watu waliofikiwa, kwa kuwa ni rahisi kuvihesabu. Vipimo vinavyomhusu mtoto ni vichache na huandikwa wodini kwa kalamu: alianza kangaruu saa ngapi baada ya kuzaliwa, alikaa kifuani kwa saa ngapi jana, anapata maziwa ya mama pekee au la, aliongeza gramu ngapi, alirudi kliniki siku aliyopangiwa au hakurudi. Ikionekana kwamba mama wa wodi fulani wote wameelezwa vizuri na bado watoto wanakaa kifuani kwa saa tatu tu kwa siku, fedha zilizotengewa awamu ya pili ya mabango zinunue viti vya kuegemea, nauli na chakula cha mchana, kisha saa zihesabiwe upya.